Amesomea afya ya jamii. Nani atamfundisha kazi?

Yapo majina ya kazi ambayo mzazi akiyasikia hahitaji kuelezwa. Binti akisema anasomea uuguzi, bibi yake aliyeko Kilwa ataelewa papo hapo. Atamwombea dua, na kesho yake atamwonesha goti linalomsumbua. Akisema anasomea udaktari, ndiyo kabisa. Lakini akisema anasomea afya ya jamii, nyumba nzima hunyamaza kidogo, kisha mtu mmoja huuliza kwa upole: “Sasa hapo, mwanangu, utakuwa nani?”

Wazee wetu walikuwa na jibu jepesi la swali hilo. Walimjua Bwana Afya. Huyu ndiye aliyepita mtaa kwa mtaa akikagua vyoo na visima, akisimama machinjioni kabla nyama haijapigwa muhuri, akifunua sufuria za mama lishe na kuuliza maji ya kunawa yako wapi. Watoto walimkimbia, wenye vilabu vichafu walimchukia, na kipindupindu kilipoingia mjini kila mtu alimtafuta. Taaluma hiyo leo imepanuka. Ndani yake wamo wafuatiliaji wa milipuko, watu wa takwimu, wa chanjo, wa lishe, wa usalama wa chakula, wa maji, na wale wanaokaa wizarani kuandika sera. Hata hivyo kiini chake ni kilekile cha Bwana Afya, kwamba mgonjwa wa mtaalamu huyu ni mtaa mzima, na mara nyingi mtaa huo haujioni kuwa unaumwa.

Hapo ndipo penye ugumu tunaotaka kuuzungumza na familia zetu wiki hii. Daktari mwanafunzi hufundishwa kazi akiwa nyuma ya bingwa, kitanda kwa kitanda, wodini. Mkunga huishika mikono ya mkunga mwenzake kabla hajampokea mtoto wake wa kwanza. Kijana wa afya ya jamii hana wodi. Anamaliza shahada au stashahada yake, anavishwa joho, anapigwa picha na familia, na akipata bahati ya kupangiwa kazi anashushwa katika kata asiyoijua. Huko anakuta mezani vitabu vya kumbukumbu na ufunguo wa ofisi. Asipoajiriwa anarudi nyumbani na kusubiri tangazo la nafasi. Katika hali zote mbili anakosa kitu kimoja kilekile, nacho ni mtu aliyemtangulia atakayemwambia: njoo, leo tunakwenda pamoja.

Mtu huyo vyuoni huitwa mshauri, na wengine humwita mnasihi. Sisi tutamwita mlezi, kwa kuwa jamii yetu ililijua jambo hili kabla halijapewa jina la kitaaluma. Binti wa pwani alikuwa na somo wake, mwanamke mwenye makamo aliyemwambia yale ambayo mama mzazi aliona haya kuyasema. Baharia alikuwa na nahodha. Mwanafunzi wa dini alikuwa na sheikh wake, akakaa mbele yake kitabu kwa kitabu mpaka akapewa ijaza, na ijaza ile ilikuwa na majina: fulani amesoma kwa fulani, aliyesoma kwa fulani. Katika madrasa zetu hakuna aliyeamini kwamba mtu anaweza kuwa mwanachuoni kwa kusoma vitabu peke yake chumbani.

Qur’ani yenyewe imetusimulia safari moja ya kutafuta mlezi, katika Surat al-Kahf, na tunaisoma kila Ijumaa pengine bila kuitazama kwa jicho hilo. Nabii Musa (AS), pamoja na daraja yake kwa Mola wake, alifunga safari ndefu na kijana wake mpaka zinapokutana bahari mbili, akimtafuta mja aliyepewa elimu ambayo yeye hakupewa. Wapo wanaodhani kutafuta mwalimu ni dalili ya udhaifu. Safari hii inawajibu. Alipompata hakumwambia, nifundishe. Aliomba ruhusa ya kumfuata. Akaonywa tangu mwanzo kwamba hatoweza kuvumilia, naye akaahidi subira, kwa kuwekewa sharti asiulize jambo mpaka atakapoelezwa.

Tunajua yaliyofuata. Jahazi la masikini likatobolewa, na Musa (AS) hakuweza kunyamaza. Aliona uharibifu, na kwa macho ya kawaida ulikuwa ni uharibifu kweli. Baadaye ndipo ilipobainika kwamba mbele kulikuwa na mfalme anayepora kila jahazi zima.

Hatumfananishi afisa afya na Khidhr. Ile ilikuwa elimu maalumu kutoka kwa Allah (SW), na hakuna mkaguzi mwenye haki ya kutoboa jahazi la mtu kwa kudai anajua asiyoyajua mwenyewe. Lakini kila aliyefanya kazi hii anaifahamu ile hali ya kijana anayeona mlezi wake akifunga kisima ambacho mtaa mzima unakitegemea, au akiamuru samaki wa mjane wamwagwe, na moyo wake ukapiga kelele. Kitabu kimemwambia sababu. Kitabu hakikumwambia namna ya kumtazama mjane yule usoni, wala kwamba baada ya kumwaga samaki ni lazima urudi kesho yake ukamtafutie njia ya kupata barafu. Na katika kisa kile kuna adabu ya upande wa pili ambayo walezi wengi huisahau: kabla ya kuachana na Musa (AS), mwalimu alikaa akamweleza yote, moja baada ya jingine, sababu ya kila alilolitenda. Hakumwacha aende na dukuduku. Mlezi anayeficha sababu zake ili aendelee kuogopwa, huyo amejifanyia mtumwa.

Sasa tutoke kwenye kisa hicho kitukufu, tuitazame taaluma yenyewe ilivyorithishwa. Mwaka 1951, katika kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilichopo Atlanta, daktari aitwaye Alexander Langmuir alianzisha utaratibu wa kuwafundisha vijana kuchunguza milipuko kwa kuwapeleka kwenye milipuko. Vijana wale wakachagua alama yao: soli ya kiatu iliyotoboka. Hiyo ndiyo iliyokuwa shahada yao ya kweli, kwamba umetembea mpaka kiatu kimekwisha. Mmoja wa waliolelewa na Langmuir alikuwa Donald Henderson, ambaye baadaye aliongoza juhudi za Shirika la Afya Duniani za kuitokomeza ndui. Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida hakupatikana mbali na sisi. Alikuwa Muislamu wa pwani hii hii, Ali Maow Maalin wa Marka, Somalia, mpishi wa hospitali, mwezi Oktoba 1977.

Habari ya Maalin inastahili kusimuliwa mezani na watoto wakisikiliza. Alifanya kazi hospitalini lakini aliikwepa chanjo, na mwenyewe alieleza baada ya miaka mingi kwamba aliogopa maumivu yake. Ndui ikampata alipowasindikiza wagonjwa wawili garini ili amwoneshe dereva njia. Akapona. Wengi wangeyaficha hayo. Yeye aliyafanya kuwa mtaji. Somalia ilipokuwa ikipambana na polio alijitokeza kufanya kazi ya chanjo, akienda kwa wazazi waliokataa na kuwaambia kwamba yeye ndiye mtu wa mwisho aliyepatwa na ndui, na kwamba hataki nchi yake iwe ya mwisho pia kwa polio. Alifariki Julai 2013, akiwa bado katika kazi hiyo, baada ya polio kurejea nchini humo. Hakuwa na shahada. Lakini kijana yeyote wa chanjo aliyetembea naye siku moja akamsikia anavyoongea na mama aliyefunga mlango, alijifunza jambo ambalo hakuna chuo kinachoweza kulitolea mtihani.

Mpango wa Langmuir ulienea. Kenya ilianzisha wake mwaka 2004, na Tanzania mwaka 2008, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Ni mafunzo ya miaka miwili kwa watumishi wa afya na wa maabara, na sehemu kubwa ya muda huo mwanafunzi hayupo darasani. Yupo mkoani chini ya mlezi aliyetajwa kwa jina, anachambua takwimu halisi na kukimbilia milipuko halisi. Yapo pia mafunzo mafupi ya miezi mitatu kwa watumishi wa wilayani. Hata huko, mwanafunzi harudi na cheti mpaka aoneshe kazi aliyoifanya katika eneo lake.

Matunda yake yalionekana Kagera. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umethibitishwa Bukoba Vijijini, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu. Ugonjwa huo unaweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya kujitokeza. Maana yake ni kwamba kila aliyemhudumia mgonjwa, aliyemwosha maiti, aliyekaa naye kitanda kimoja, alitakiwa kujulikana kwa jina na kutembelewa kila siku kwa wiki tatu. Zaidi ya watu 200 walifuatiliwa hivyo. Mlipuko ukatangazwa kumalizika tarehe 2 Juni, wagonjwa wakiwa 9 na waliofariki 6, Allah awarehemu. Anayejua jinsi Marburg ilivyoua mamia ya watu huko Uíge, Angola, mwaka 2005, atazipima tarakimu hizo kwa mizani inayostahili. Kazi ya namna hiyo hufanywa na watu waliowahi kufundishwa, na mtu mwingine, namna ya kukaa kwenye kigoda nje ya nyumba yenye msiba.

Tuseme basi ni nini hasa mlezi anachofundisha ambacho darasa halikufundisha. Tutataja machache, kwa kuwa mengine hayasemeki mpaka uyaone.

La kwanza ni hodi. Kijana aliyetoka chuoni amebeba dodoso, na swali la tatu katika dodoso hilo linahusu choo. Anaingia uani, anasalimia haraka, anauliza kinyesi cha mtoto kinatupwa wapi. Kwa wenyeji huyo ametukana. Mlezi humsimamisha nje. Hodi hupigwa mara tatu, na asiyejibiwa huondoka; adabu hii tumefundishwa na dini yetu kabla ya kuwapo dodoso lolote. Husubiri kukaribishwa. Huuliza habari za wazee. Humtanguliza mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, na kwa Unguja na Pemba humtanguliza sheha, na anajua kwamba ipo mitaa ambayo mlango wake wa kweli ni imamu wa msikiti au mwalimu wa madrasa. Hilo si jipya. Daktari John Snow alipobishana na London nzima mwaka 1854 kwamba kipindupindu cha Broad Street kinatoka kwenye maji ya pampu, aliyekuja kuikamilisha hoja yake alikuwa kiongozi wa dini wa mtaa ule, Henry Whitehead. Whitehead mwanzoni hakukubaliana naye. Lakini alizijua familia zile nyumba kwa nyumba, na ndiye aliyegundua mtoto mchanga ambaye maji ya nepi zake yalimwagwa karibu na kisima.

La pili ni kusoma sifuri. Kituo cha afya kikijaza katika vitabu vya MTUHA kwamba hakuna mgonjwa hata mmoja wa kuhara wiki nne mfululizo, katikati ya masika, mgeni hufurahi. Mlezi hufunga safari. Huenda anayejaza kitabu yuko likizo ya uzazi. Huenda watu wamekimbilia duka la dawa kwa kuwa kituoni chumvichumvi za kuongeza maji mwilini zimekwisha. Huenda kweli hakuna mgonjwa. Tarakimu ni amana kama amana nyingine, na anayeandika namba asiyoihesabu ili ripoti iondoke mapema amesema uongo, hata kama mkuu wake hatagundua.

La tatu tunalisema kwa uchungu. Mlezi ndiye anayemfundisha kijana kula au kutokula. Mkaguzi kijana aendapo sokoni na mkubwa wake mara ya kwanza, hutazama mkono wa mkubwa huyo kuliko anavyotazama bucha. Akiona bahasha imepokelewa na bucha chafu limepita, amesomea siku hiyo fani nyingine. Akiona mkubwa wake anahesabu warsha kwa posho na si kwa kilichofundishwa, naye atahesabu hivyo miaka thelathini ijayo. Kwa hiyo mzazi anayefurahi tu kwamba mwanawe “amepata mtu wilayani” aulize swali la ziada: mtu wa namna gani?

Hapa pana mchanganyiko unaotusumbua katika jamii yetu. Wengi wakisikia kijana anatafuta mlezi, wanaelewa anatafuta kimemo. Anatafuta mjomba wa kupiga simu. Kimemo hukuingiza mlangoni na kukuacha hapo ukiwa hujui kazi, na aliyekuwa na haki ya nafasi ile amebaki nje. Kwetu sisi hilo ni dhuluma, hata liitwe kusaidiana. Mlezi wa kweli mara nyingi hana uwezo wa kumwajiri mtu. Anaweza hata kukwambia hufai kwa nafasi unayoiota, na kwamba uandishi wako wa ripoti ni mbovu, aurudishe mara nne wenye wino mwekundu. Kijana asiyeweza kustahimili wino mwekundu bado hajawa tayari kulelewa.

Basi anapatikana wapi? Jibu la kwanza ni kwamba hapatikani kwa kuombwa kuwa mlezi. Tunawashauri vijana waache ule ujumbe wa kumwandikia mtu mkubwa usiyemjua, “naomba uwe mshauri wangu wa maisha.” Mtu mwenye shughuli zake atauogopa, na ana haki. Omba jambo dogo, lenye mpaka, linaloonesha kwamba umeshaanza kazi. Kwa mfano hivi:

“Assalaam alaykum warahmatullah, Dokta. Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa afya ya mazingira, niko katika mafunzo kwa vitendo. Katika mtaa niliopangiwa nimekuta visima sita vilivyochimbwa karibu sana na vyoo, na wenyeji wanasema maji hayo hayajawahi kuwadhuru. Nimesoma mwongozo, lakini sijui nianzie wapi kuzungumza nao bila kuwavunjia heshima. Naomba dakika ishirini za muda wako, siku na saa utakayoona inafaa, ofisini au kwa simu.”

Ujumbe wa namna hiyo ni vigumu kuutupa. Akikujibu, fanya alilokuelekeza, kisha baada ya wiki mbili mrudishie habari: nilianza kwa mzee fulani, visima viwili wamekubali kutia dawa, vinne bado. Ni hapo, katika kurudisha habari, ndipo ulezi unapozaliwa. Wengi huomba ushauri, wachache hurudi kusema waliufanyia nini. Na usitegemee kila kitu kwa mtu mmoja. Mmoja atakufundisha takwimu, mwingine namna ya kuzungumza na madiwani, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye pengine hakuvuka darasa la saba, atakufundisha mtaa. Ibn Abbas (RA), binamu wa Mtume (SAW), alikuwa akijilaza mlangoni kwa sahaba wa Kiansari wakati wa jua kali, upepo ukimpiga vumbi usoni, akisubiri atoke amuulize hadithi moja. Angetaka kuamshiwa mtu, angeamshiwa.

Sasa kuhusu mabinti zetu, ambao katika madarasa ya fani hii wapo wengi, na ambao kwao jambo hili lina uzito wa pekee. Baba anayesita kumruhusu binti yake aende kata ya mbali na mkubwa wa kazi mwanamume hapaswi kuchekwa. Hofu yake ina msingi katika dini, maana khulwa imekatazwa, na ina msingi katika mambo tunayoyasikia kila siku. Tuseme waziwazi: wapo wanaojiita walezi na kumbe ni wawindaji. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 25, inamhesabu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki yoyote kuwa ni mhalifu, na mahali pa kupeleka malalamiko ni TAKUKURU. Binti alijue hilo kabla ya kwenda, na ajue pia kwamba akirudi nyumbani na kusema, atasikilizwa kabla ya kuulizwa alikuwa amevaa nini.

Lakini hofu hiyo isiishie kwa kumfungia ndani. Ulezi unaweza kuwekewa mipaka na ukafanyika vizuri: mazungumzo yawe ofisini mlango ukiwa wazi, safari za kazi ziwe za timu na si za watu wawili, simu zisiwe za usiku wa manane, na familia ijue mlezi ni nani. Mlezi mwema mwenyewe ataipenda mipaka hiyo, kwa kuwa inamlinda naye. Kuhusu safari za mbali na mahram, familia zimuulize sheikh wanayemwamini, kwa kuwa wanavyuoni wana maelezo yao na hali za watu zinatofautiana.

Na bora ya yote ni kupatikana kwa walezi wanawake. Mtume (SAW) alimtaka Shifaa bint Abdullah amfundishe mkewe, Hafsa (RA), kisomo cha tiba ya vipele vilivyoitwa namla, kama alivyokwisha kumfundisha kuandika. Mwanamke msomi, mwenye ujuzi wa tiba, akimfundisha mwanamke mwenzake mwenye hadhi kuliko yeye: hiyo ndiyo sura kamili ya tunalolizungumza, na ipo katika nyumba ya Mtume (SAW). Leo tunahitaji sana akina Shifaa. Nyumba zetu nyingi mwanamume wa idara ya afya hupokewa barazani na kuishia hapo. Anayeingia ndani, akaona maji yanavyohifadhiwa, akamuuliza mama kuhusu kunyonyesha na kupumzisha uzazi na kwa nini mtoto wa mwisho hakumaliza chanjo ya surua, ni mwanamke. Na akiwa ni mwanamke mwenye hijabu yake, anayejua kwamba swali fulani haliulizwi mbele ya mama mkwe, ataambiwa ukweli.

Kwa hiyo tunageuka kwa nyinyi mliokwisha kupita njia hii: maafisa afya, waratibu wa chanjo, watu wa lishe, watafiti, wahadhiri. Tunajua mna kazi nyingi. Hatuwaombi mfungue chuo. Ukienda kukagua, mchukue kijana mmoja, mpe kalamu aandike, na mkirudi garini muulize ameona nini kabla hujamwambia ulichoona wewe. Ukiandika ripoti, mpe ukurasa mmoja auandike, na jina lake liwekwe. Hili la jina tunalisisitiza, maana wapo wakubwa wanaokula kazi za wadogo kama vile chakula cha hitima. Akikosea, mkosoe faragha. Akipatia, msifu mbele ya watu. Na ukimwona amekuzidi, mwachie. Kuna walezi wanaopenda mche ubaki mche.

Misikiti nayo ina nafasi. Taasisi zetu nyingi huandaa siku ya kupima shinikizo la damu na sukari uani baada ya swala, na ni jambo la kheri. Siku hiyo hiyo wataalamu wakiwa pale, meza moja iwekwe kwa ajili ya wanafunzi: nani anasoma nini, yuko mwaka wa ngapi, nani anaweza kumpokea kwa mafunzo kwa vitendo. Daftari moja litatosha, likae kwa katibu, la wanawake likae kwa amira. Kila miezi mitatu lifunguliwe ijulikane nani alikutana na nani na nani aliachwa akisubiri.

Na kabla ya kwenda mbali, angalieni safu ya mbele ya msikiti wenu. Katika mitaa mingi yupo pale mzee mmoja mstaafu, mwenye fimbo, anayewahi adhana, ambaye watoto wa leo hawajui kwamba alikuwa Bwana Afya. Alifanya kazi enzi za vumbi la DDT na baiskeli. Anajua mfereji wa mtaa ulipita wapi kabla haujajengewa, na kipindupindu kilipoingia kilianzia nyumba zipi. Binti anayesomea afya ya jamii, akiwa nyumbani kwa likizo, anaweza kumwendea barazani kwake yeye na baba yake au kaka yake, jioni baada ya Alasiri, na daftari, na swali moja la kuanzia: Shikamoo babu, masika yakija, ni kisima gani hapa kwetu huingiliwa na maji machafu kwanza?